Utume wa Wazee Siku za Mvua: Tuliyojifunza Msamvu



Mwezi huu ukurasa wa afya tumeachiwa sisi wazee wawili, mume na mke, tunaokaa Msamvu, si mbali na stendi kuu ya mabasi. Mmoja wetu alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na mwenzake alifundisha shule ya msingi. Mwalimu ana miaka 71 na ana presha. Muuguzi ana miaka 67 na magoti yake hayapendi ngazi. Tunayasema haya mapema kwa sababu somo letu linahusu miili ya namna hiyo, yaani mwili wa mzee anayetoka nyumbani kwenda kuwahudumia wengine wakati mvua haikatiki.

Habari yenyewe ni ya wiki moja, kuanzia Jumatatu tarehe 22 hadi Jumapili tarehe 28 Aprili 2024. Dominika iliyotangulia ilikuwa ya Mchungaji Mwema, na baada ya Misa tuliombwa sisi wastaafu tutoe wiki moja ya utume, tutembelee wagonjwa na wazee wenzetu katika jumuiya ndogo ndogo. Vijana walikuwa makazini, na masika yalikuwa yamewafungia watu wengi ndani. Tulijiandikisha. Mmoja wa wanetu aliposikia kwa simu aliuliza kama tumesahau tuna miaka mingapi. Hatukuwa tumesahau, lakini tulikuwa hatujaifikiria sana, na hilo ndilo kosa letu la kwanza.

Utume na tufani havijaanza kukutana leo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misioni Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia Unguja na pwani. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja na Bagamoyo, kikaangusha majengo ya misioni na kung'oa mikarafuu visiwani. (Miaka 80 baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Wazee wa kusini wanaikumbuka.) Magonjwa na maji mengi hupenda kusafiri pamoja, na mhudumu anayetoka siku hizo hukutana na vyote viwili.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kimbunga. Milima ya Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600, na mji umelala chini yake kwa zaidi ya mita 2,000. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka kwa mito ya Morogoro, Kikundi na Bigwa mpaka Ngerengere, na Ngerengere huyapeleka Ruvu. Kwa hiyo yawezekana Msamvu kukawa na jua, nguo zimeanikwa, na bado korongo lililo nyuma ya nyumba likaanza kuunguruma. Mwaka ule ilikuwa zaidi, kwa sababu mvua za vuli za 2023 zilikuja na El Niño na ardhi ilikuwa imekwisha kunywa ikashiba.

Jumatatu tulitoka saa tatu asubuhi na mwavuli mmoja na mfuko wa nailoni wenye Biblia, glavu, na kipimo cha presha cha zamani cha muuguzi. Kwenye njia ya kwenda nyumba ya kwanza kuna korongo ambalo siku zote tunalivuka kwa hatua nne. Siku hiyo lilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hayakufika magotini. Mwalimu alisema yanavukika. Alitia mguu mmoja, na fimbo yake ikaondoka mkononi kama mtu ameivuta. Muuguzi alimshika kwa mkanda wa suruali.

Yafaa kila mwenye kaya alijue jambo hili. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani kufika juu kidogo ya kifundo cha mguu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yaweza kuanza kusukuma gari dogo. Sababu ni kwamba nguvu haiko katika kina peke yake bali katika mwendo, na chini ya maji machafu huoni mawe wala shimo. Mzee ana sababu nyingine ya kuogopa, maana misuli ya mapaja imepungua, macho hayapimi vizuri, na akianguka mfupa wa nyonga huvunjika kwa urahisi. Mvuke mtoto kwa kumbeba, watu husema. Lakini aliyebeba mtoto ndiye anayeanguka upesi zaidi, kwa sababu haoni miguu yake.

Tulirudi nyumbani saa nne bila kutembelea mtu hata mmoja. Mwalimu alinuna mpaka mchana. Alisema tumeanza utume kwa kushindwa. Sisi leo, kwa pamoja, tunaihesabu safari ile kuwa ndiyo tuliyoifanya vizuri kuliko zote za wiki ile.

Jumanne tulizunguka kwa barabara ya lami, mwendo mrefu lakini salama, tukafika nyumba tatu. Mvua ilitukuta katikati. Tulisali na mama mmoja aliyepooza tukiwa tumelowa, tukakaa naye zaidi ya saa nzima kwa sababu alikuwa na hamu ya watu. Tulipotoka, mwalimu alikuwa anatetemeka, na jambo lililomshtua muuguzi ni kwamba alianza kujibu maswali polepole. Watu hudhani baridi ya kudhuru ni ya Ulaya. Si kweli. Nguo iliyolowa pamoja na upepo hunyonya joto la mwili hata hapa petu, na mwili wa mzee hautengenezi joto jipya haraka. Mzee akitetemeka, akawa mzito wa maneno au akajikwaa ovyo, mvue nguo zote zilizolowa kabla ya jambo jingine lolote, mkaushe, mfunike mpaka kichwani, mpe chai ya moto yenye sukari kama anameza vizuri. Pombe kali asipewe. Yule jirani aliyetuletea gilasi kwa moyo mwema tulimshukuru tukairudisha, maana pombe huileta damu yenye joto kwenye ngozi, mtu akajisikia amepata moto kumbe anaupoteza.

Sasa tufike Jumatano, kwa sababu ndiyo siku iliyotufanya tuandike.

Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja anayelea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Mama wa mtoto anauza maji na karanga stendi na hurudi usiku. Tulikwenda kumwona bibi, ambaye alikuwa na kikohozi. Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga, kimya. Bibi alitusalimu, akatuandalia viti, akasema mtoto anaharisha tangu jana asubuhi lakini sasa anaendelea vizuri kwa kuwa ametulia.

Muuguzi aliinama. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa mikavu. Alimfinya ngozi ya tumbo taratibu kwa vidole viwili na kuiachia, nayo ikarudi polepole kama kitambaa. Alipoamshwa alilia, lakini bila machozi. Akauliza, "Mama, amekunywa nini leo?"

"Sijampa kitu bibi. Nimemnyima maji ili tumbo likauke."

Ndugu zetu, bibi yule si mjinga. Amelea watoto wengi na alikuwa anafanya alivyofundishwa na mama yake. Jambo lenyewe linaonekana lina akili: maji yanatoka, basi tusiingize maji. Lakini mtoto anayeharisha hauawi na tumbo, anauawa na ukavu. Kila anapoharisha hupoteza maji na chumvi ambazo moyo na figo haziwezi kufanya kazi bila hizo. Mtoto mdogo ana akiba ndogo. Kutulia kule hakukuwa nafuu. Kulikuwa ni kuishiwa nguvu.

Hatukuwa na pakiti ya ORS mfukoni, na hili tunalikiri kwa aibu, kwa sababu hupatikana zahanati na maduka ya dawa na ni nyepesi kama bahasha. Ikabidi tutengeneze. Maji ya kuchemsha yalikuwemo kwenye chupa ya chai, yakapoozwa. Mwalimu alipewa kazi ya kupima, maana ndiye wa hesabu. Akapima sukari vizuri. Chumvi akaweka kijiko kizima kilichojaa na kilima juu. Muuguzi alionja, akamwaga yote.

Hebu tuandike kipimo kwa namna ya kukatwa na kubandikwa ukutani. Maji safi lita 1, yaani chupa mbili za nusu lita. Sukari vijiko vidogo vya chai 6, vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Chumvi NUSU ya kijiko kidogo cha chai, nayo imesawazishwa. Koroga mpaka viyeyuke. Onja kabla ya kumpa mtoto, na kama yana chumvi kuliko machozi, mwaga uanze tena. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto aliyekauka, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Yasiyotumika ndani ya siku moja yamwagwe. Lakini pakiti ya dukani ni bora kuliko yetu, kwa kuwa ina vitu vingine vinavyopotea, hasa potasiamu. Ya nyumbani ni ya kuokoa njia.

Kumpa nako kuna ufundi. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa robo kikombe hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula apewe uji. Zahanati watamwongezea vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na vidonge hivyo visikatizwe hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Pengine kuna msomaji anayedharau sukari na chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia India na kipindupindu kikawaingia kambini. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya chumvi na glukosi katika mapipa, akawaachia ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Hakuwa na mashine yoyote ambayo bibi wa Msamvu hana.

Turudi nyumbani kwa bibi. Mtoto alimeza kijiko cha kwanza akakirudisha. Cha pili kikakaa. Baada ya nusu saa alishika kikombe kwa mikono yake mwenyewe, akakivuta. Hatukungoja kushangilia. Tulipata bajaji baada ya mbili kukataa kwa ajili ya tope, tukampeleka kituo cha afya, muuguzi akimnywesha njia nzima na mwalimu akishikilia turubai la mlangoni lisipeperuke. Walimpokea, wakampima, wakasema si kipindupindu, wakakaa naye mpaka jioni. Kama choo chake kingekuwa kama maji ya kuoshea mchele, kingi na cha mfululizo, ingetubidi kutoa taarifa mara moja kwa ajili ya mtaa mzima, kwa sababu kipindupindu huweza kumuua hata mtu mzima mwenye nguvu ndani ya saa chache. Mwaka 1997 nchi yetu ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000 wa ugonjwa huo, na zaidi ya 2,000 wakafariki.

Alhamisi tulimsikia redioni Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamekwisha kuua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika. Siku hiyo tulirudi kwa bibi kuangalia maji yake. Kisima chao cha kuchimba kilikuwa hatua chache kutoka choo cha shimo, na choo kilikuwa kimejaa mpaka juu. Bibi alituonyesha maji kwenye gilasi akisema, "Lakini yanang'aa." Yalikuwa yanang'aa kweli. Vijidudu havionekani kwa macho, na maji meupe yaweza kuwa mabaya kuliko ya tope.

Maji ya tope kwanza yatulizwe, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Wengi wetu tunajua mbegu za mlonge zilizotwangwa husafisha tope. Ni kweli, tope hushuka, lakini bado kazi haijaisha. Baada ya hapo yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Ndugu zetu wa vijiji vya juu kabisa vya Uluguru wayaache dakika 3, kwa kuwa mlimani maji hutokota kabla hayajawa na moto wa kutosha. Masika mkaa hulowa na hupanda bei, tunajua. Basi tumia dawa ya klorini ya kutibu maji, ufuate maandishi ya kwenye chupa, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Maji yaliyotibiwa yakae kwenye chombo chenye mfuniko na yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu. Kikombe cha kila mtu kikizama humo, kazi yote imeharibika.

Ijumaa ndiyo zamu ya mwalimu kuaibika. Aliamka na kichwa kizito. Muuguzi akamuuliza kuhusu kidonge cha presha. Jumanne kilisahaulika kwa ajili ya ile baridi, Jumatano kwa ajili ya mtoto, na Alhamisi pakiti ilikutwa kwenye mfuko wa koti imekuwa uji. Siku tatu. Kipimo kilionyesha 178 kwa 102. Alitaka ameze vitatu kwa mpigo kulipa deni. Wengi hufanya hivyo, na ni hatari, kwa sababu presha yaweza kushuka ghafla mtu akazirai. Kidonge kilichosahaulika hakilipwi. Mtu huendelea na cha leo kwa saa yake, na kama siku ni kadhaa huenda akaonana na mtaalamu. Naye kama ataumwa kifua, mdomo ukapinda, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, hapo si suala la kungoja mvua ipungue.

Jambo jingine kuhusu dawa hizi: baadhi ni zile zinazomfanya mtu akojoe sana. Mzee anayezitumia akianza kuharisha anakauka kwa njia mbili kwa pamoja, na kiu yake haimwambii, maana kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Asiache dawa kwa uamuzi wake, ila aende akaulize siku hiyo hiyo. Sisi sasa tunaweka vidonge kwenye chupa yenye kifuniko, ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi yenye majina ya dawa na saa zake.

Jumamosi mwalimu alilazwa kitandani kwa amri. Muuguzi alikwenda nyumba mbili za karibu akifuatana na vijana wa jumuiya, na wengi wao walikuwa peku. Hapa aliwagombeza kidogo. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza homa iliyowapata watu 20 huko Lindi na kuwaua 3, ikagundulika kuwa ni homa ya mgunda, ambayo vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, hasa panya, huchanganyika na maji na tope, kisha huingia kwenye mikwaruzo ya ngozi. Sisi wa Morogoro tunawapenda panya kwa sifa zao, kwa kuwa panya buku hufundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, lakini wa kwenye mafuriko hawajasoma. Vaa mabuti ya mpira. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli ya miguu siku chache baada ya kukanyaga maji ya mafuriko, mweleze mganga kwamba uliyakanyaga. Asipoambiwa atafikiri malaria peke yake.

Jumapili mvua ilipumzika. Injili ilikuwa ya mzabibu na matawi. Tulipotoka kanisani tulimkuta bibi nje, mjukuu mgongoni akivuta kilemba chake kwa nguvu zote. Alitusalimu, kisha akafungua fundo la kanga. Hatukuona fedha, wala hatukuzitarajia. Alitoa kijiko.

"Bibi," alimwambia muuguzi, "nimekuja nacho unionyeshe. Ndicho hiki cha kupimia?"

Kilikuwa kijiko cha kulia wali. Vijiko vitatu vya chai vinaingia ndani yake. Tulikwenda naye nyumbani, tukavilinganisha mezani kwa chumvi, akaona mwenyewe. Akaondoka na cha kwetu.